Chakula cha umma: Vipimo vipya vya Serikali na muhogo wa Newala

SHERIA ya Ununuzi wa Umma, Namba 10 ya mwaka 2023, ilianza kutumika katikati ya mwaka 2024 pamoja na kanuni zake. Masikioni mwa watu wengi ilisikika kuwa ni habari ya makandarasi, barabara na magari ya Serikali, na kwa hiyo familia nyingi za Masasi na Newala hazikuona kama inazihusu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume chake. Ipo bidhaa ambayo fedha ya Serikali huinunua mwaka mzima katika wilaya hizi mbili, na bidhaa hiyo haijengwi wala haiendeshwi, bali huingia matumboni mwa watoto wetu. Nayo ni chakula.

Tuwahesabu walaji wake. Wapo wanafunzi wa bweni katika shule za sekondari kama Ndanda, Chidya na Masasi Wasichana. Wapo wanachuo wa Chuo cha Ualimu Kitangali. Wapo wafungwa na mahabusu, ambao nao ni watoto wa watu na wana haki ya kula chakula kisichowadhuru. Wagonjwa wa hospitali kwa sehemu kubwa hulishwa na jamaa zao, na kila aliyewahi kuuguza anaijua safari ya alfajiri ya kubeba chupa ya uji. Hao tuwaweke kando kwa leo. Waliobaki wanatosha kuifanya Serikali kuwa mnunuzi mkubwa wa unga, nafaka na mafuta, mkubwa kuliko mfanyabiashara yeyote wa soko la Masasi mjini.

Mnunuzi mkubwa kiasi hicho anapobadili vipimo vyake, hubadilika mambo mawili kwa pamoja: kinacholiwa na kinacholimwa. Hilo la pili ndilo linalosahaulika.

Vipimo vyenyewe

Ndugu msomaji, ni vema tukaelewa kwanza kwamba vipimo vya chakula cha umma havikuandikwa siku moja wala havikai katika kitabu kimoja. Vimekuja kwa mafungu. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano, unga wa mahindi unaosagwa viwandani na mafuta ya kula viongezwe virutubishi. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, sheria ilikwisha kutaka chumvi iongezwe madini joto, na inasikitisha kwamba mikoa ya Lindi na Mtwara, ambayo pwani yake inavuna chumvi, kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa iliyobaki nyuma katika kutumia chumvi hiyo. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula iliondolewa katika iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikapelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mwaka 2021 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa kuwapatia chakula na lishe wanafunzi wa elimumsingi. Mwaka 2023 ukaanza mfumo wa kielektroniki wa ununuzi uitwao NeST, uliochukua nafasi ya ule wa TANePS, na hatimaye sheria hii mpya.

Katika sheria hiyo limo jambo linalowagusa moja kwa moja akina mama wanaosaga, wanaokamua na wanaoanika. Kila taasisi nunuzi imetakiwa kutenga asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi ya mwaka kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Masasi ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Newala vivyo hivyo. Halmashauri hizo nne, ukiachilia mbali shule na vyuo, zote zinafungwa na sharti hilo.

Juu ya karatasi, basi, mambo ni mazuri. Swali la makala haya ni jingine. Je, vipimo hivyo vinapofika katika zabuni ya shule moja, vinataja chakula gani? Jibu linajulikana kwa kila aliyesoma bweni katika nchi hii: unga wa mahindi na maharage. Maharage hayo hustawi katika nyanda za baridi kama Mbeya, Kigoma na Kagera. Mahindi ya ziada kwa upande wetu wa kusini hutoka zaidi Ruvuma, hupita Tunduru na kushuka Masasi. Newala, iliyo juu kabisa ya uwanda, na Masasi, iliyo chini yake upande wa magharibi, zinalima muhogo, mtama, mbaazi, kunde, njugu mawe, karanga na ufuta, achilia mbali korosho. Mwanafunzi anakaa darasani akitazama shamba la mbaazi dirishani, halafu anakwenda bwaloni kula maharage yaliyosafiri mamia ya kilomita.

Mkono ndani ya lundo

Kabla ya kulilaumu hilo, ni lazima tukubali kwamba vipimo vya usalama si urasimu mtupu. Sisi Waislamu hatukufundishwa jambo hili na TBS. Imesimuliwa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akakuta lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mdanganyifu hana nafasi katika safu yake.

Wengi wetu tumeisikia hadithi hii katika hotuba za Ijumaa kama somo la uaminifu, nayo ni somo hilo kweli. Lakini tuitazame pia kwa jicho la mtunza stoo. Muuzaji yule hakupunguza kipimo, na pengine bei yake ilikuwa ya haki. Kosa lilikuwa unyevu uliofichwa chini ya kikavu. Karne kumi na nne baadaye, kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinasema unyevu usizidi asilimia 13.5, kwa sababu juu ya hapo hustawi kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Kiwango hicho hicho kinataka sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na aina yake iliyo kali zaidi isizidi mikrogramu 5. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, na moto wa kupikia ugali hauimalizi.

Madhara yake tumeyaona hapa hapa nchini. Katikati ya mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliripotiwa kuugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu na 20 kati yao wakafariki, watoto wakiwa wengi. Majirani zetu wa Kenya walipatwa na makubwa zaidi mwaka 2004, ambapo watu 125 walipoteza maisha katika eneo la mashariki ya nchi hiyo. Na jambo la kuzingatia ni kwamba huko Dodoma na Manyara wengi hawakununua mahindi hayo kwa mfanyabiashara mwovu. Yalikuwa mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyovunwa na kuhifadhiwa vibaya.

Hapa ndipo lilipo tundu kubwa katika utaratibu wetu. Shule ya bweni inayonunua kwa zabuni angalau ina karatasi inayosema nafaka iwe na hali gani. Shule ya kutwa haina. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, chakula cha mchana cha shule za kutwa kimeachwa kwa makubaliano ya wazazi na jamii, na mara nyingi mzazi huchangia debe la mahindi au la makopa kutoka nyumbani. Debe hilo halipiti katika NeST, halipimwi unyevu, wala hakuna anayeingiza mkono ndani yake. Mtoto wa Serikali wa bweni na mtoto wa Serikali wa kutwa wanalindwa kwa mizani mbili tofauti. Kipima unyevu ni chombo kidogo cha kushika mkononi. Halmashauri inayoweza kununua kompyuta ya ofisi haishindwi kuweka kimoja katika kila kata.

Muhogo na uwanda usio na maji

Turudi kwenye chakula cha uwanda wenyewe. Wapo maofisa wanaosema muhogo hauwezi kuingia katika zabuni kwa sababu una sumu. Kauli hii ina ukweli ndani yake na tusiipuuze.

Mwaka 1988, wakati wa ukame na njaa, wilaya ya Masasi ilipatwa na mlipuko wa watu kulewa kwa muhogo. Watafiti wa Tanzania waliochunguza tukio hilo, wakishirikiana na wenzao wa nje, walikuta kwamba njaa iliwalazimisha watu kufupisha kazi. Badala ya kumenya muhogo mchungu na kuuanika wiki kadhaa hadi uwe makopa makavu, waliutwanga ukiwa mbichi, wakauanika kwa muda mfupi, wakautwanga tena na kuula. Njia hiyo ya haraka iliitwa chinyanya. Sumu ya sianidi haikupata nafasi ya kutoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ukaripotiwa tena kuwa na wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na moja kwa moja, unaowashika zaidi watoto na wanawake wanaoishi kwa muhogo mchungu bila kitoweo chenye protini.

Swali la kujiuliza ni kwa nini hapa hasa. Maeneo mengine ya Afrika hula muhogo mchungu vizazi na vizazi kwa sababu huuloweka siku tatu au nne ukavunda, na sumu ikaondoka na maji. Juu ya uwanda wa Makonde maji hayo hayapo. Mchanga unameza mvua yote, mito iko chini bondeni, na mradi wa maji wa Makonde, ambao asili yake ni miaka ya 1950, mpaka leo ungali unapanuliwa. Mama wa Newala anayelipia ndoo ya maji hawezi kuimwaga pipani ili alowekee muhogo. Kwa hiyo anaanika. Kuanika peke yake hupunguza sumu kwa kiasi kidogo kuliko kuloweka, na mwaka wa njaa hata siku za kuanika hazitoshi.

Kwa hiyo kipimo kinachosema tu kwamba unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa na cha Afrika Mashariki, ni kipimo sahihi, ila kinamwacha mkulima wa uwanda bila njia ya kukifikia. Anayeweka kipimo ana wajibu wa kuonyesha na njia.

Njia ipo, na si ghali. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walibuni mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu wa kulowanisha unga, ukajaribiwa Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma na baadaye kwetu pia. Unga wa muhogo huchanganywa na maji kidogo ukawa kama tope zito, hutandazwa juu ya mkeka au sinia kwa unene mdogo, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki hupungua mara tatu hadi sita. Maji yanayotumika ni kidogo, na ni yale yale yanayoingia katika ugali. Jiko la shule lenye wapishi wanne na kiwanja chenye jua linaweza kulifanya jambo hili kila siku. Tena katika Mtwara hiyo hiyo ipo TARI Naliendele, kituo cha utafiti kinachojulikana kwa korosho lakini ambacho pia hushughulika na muhogo na mbegu zake. Mbegu isiyo chungu ikilimwa kwa ajili ya shule, nusu ya tatizo imekwisha kabla jiko halijawashwa.

Kwa maoni ya mwandishi, zabuni inayouacha muhogo nje haimlindi mtoto na sumu. Inamlinda ofisa na usumbufu. Mtoto yule yule likizoni anarudi nyumbani anakula muhogo ule ule, na hakuna aliyemfundisha mama yake namna ya kuulowanisha. Lakini shule ikiununua kwa kipimo na kuupika kwa njia salama mbele ya macho ya wanafunzi, elimu hiyo itakwenda nyumbani pamoja na begi la madaftari.

Mbaazi za mwaka 2017

Habari ya mbaazi ni fupi na inauma. Mbaazi za Masasi, Newala na wilaya jirani zilikuwa zikiuzwa India karibu zote. Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje, ili kuwalinda wakulima wake. Bei huku kwetu ikaporomoka. Wapo waliouza kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kupalilia, na wapo waliobaki nazo ndani.

Katika msimu ule ule shule za bweni za mkoa ziliendelea kupika maharage. Hakuna aliyekosea kisheria. Zabuni zilikuwa zimekwisha kutolewa na ziliandika maharage. Lakini fikiri: chakula chenye protini, kilichokauka vizuri, kiko ghalani umbali wa kilomita tano, mwenyewe anatafuta mnunuzi, na mnunuzi mkubwa kuliko wote wa wilaya anapitisha lori mbele ya ghala hilo akileta chakula cha aina ile ile kutoka mbali. Ingetosha zabuni iandike neno moja zaidi: maharage, kunde au mbaazi, kwa kadiri ya upatikanaji na bei.

Wenzetu Brazil waliliona jambo hili mapema. Sheria yao ya mwaka 2009 iliamuru kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za Serikali kuu kwa ajili ya chakula cha shule zitumike kununua kwa wakulima wadogo wa familia. Asilimia 30 yetu ni ya makundi maalumu na inahusu ununuzi wote, kuanzia karatasi hadi fagio. Halmashauri inaweza kuitimiza kwa kununua viti na kushona sare, bila kilo moja ya chakula kutoka kwa mkulima wa wilaya. Yetu inataja mtu anayeuza. Yao inataja na shamba. Kwa hali ya uwanda wetu, tunahitaji vyote viwili.

Yapo na mafundo mengine. Katika miaka ya karibuni mbaazi zimeingizwa katika utaratibu wa stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa, kama korosho. Utaratibu huo umemsaidia mkulima dhidi ya kangomba na dhidi ya mizani ya kuibia, na hapana shaka una kheri. Lakini shule inayotaka magunia kumi tu ya mbaazi haiwezi kushindana mnadani na msafirishaji wa nje anayetaka tani mia tano. Ni wajibu wa Serikali kusema wazi kwamba chama cha msingi kinaweza kuiuzia shule ya jirani kiasi fulani kwa bei ya mnada wa mwisho. Vivyo hivyo risiti ya mashine: mkulima hana mashine, na mwalimu mkuu anaogopa mkaguzi. Chama cha msingi kikisimama katikati, karatasi zinapatikana.

Anayenunua naye alipe

Tumezungumza juu ya wauzaji. Haki inataka tumtazame na mnunuzi.

Watu wa Masasi na Newala wanaijua Serikali kama mnunuzi wa chakula, kwa sababu Novemba 2018 ilinunua korosho zao. Wafanyabiashara walikuwa wamekataa kupandisha bei, Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali ingezinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko ikawa mnunuzi kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakafuata uhakiki, uhakiki ukachukua muda, na mwaka 2019 ulikuta wakulima wengi wakiwa bado wanasubiri, shule zikifunguliwa na sare hazijanunuliwa. Nia njema ya mnunuzi haikumlisha mtu aliyesubiri.

Zabuni za vyakula vya shule zina ugonjwa huo huo kwa kiwango kidogo, na madeni ya wazabuni yamekuwa yakisemwa bungeni mwaka baada ya mwaka. Elimu bila malipo ilipoanza, fedha ya chakula ya mwanafunzi wa bweni ilikuwa shilingi 1,500 kwa siku. Fedha ndogo ikichelewa, mzabuni hufanya moja kati ya mawili: hupandisha bei ili kufidia kungoja, au hushusha ubora ili kufidia bei. Hilo la pili ndilo linalotua katika sahani. Na kikundi cha akina mama wa Newala chenye mtaji wa magunia ishirini hakiwezi kungoja miezi sita, kwa hiyo hakiombi zabuni kabisa, na uwanja unabaki kwa mfanyabiashara mmoja mwenye mtaji mkubwa. Asilimia 30 ya kwenye karatasi inafia hapo.

Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni anadhulumu. Sura ya Al-Mutaffifin, ya 83 katika Qur'an, inaanza kwa onyo kwa wale wanaojipimia kamili wanapopokea na kupunja wanapotoa. Tumezoea kumnyooshea kidole mwenye duka, na pia mnunuzi wa lumbesa. Mnunuzi anayedai unga mkavu, safi, uliopimwa na uliofika kwa tarehe, naye akalipa kwa tarehe aitakayo mwenyewe, amesimama pande zote mbili za aya hizo.

Halali ndani ya mkataba

Linabaki jambo ambalo wazazi wa Kiislamu huliuliza pembeni na mara chache sana huliweka mezani. Nyama ya bweni, siku zile chache inapoliwa, imechinjwa na nani?

Katika wilaya zetu Waislamu na Wakristo wameishi na kula pamoja kwa muda mrefu. Masasi ni kituo cha Waanglikana tangu mwaka 1876, na Newala ina misikiti kila kijiji. Desturi ya machinjioni kuachiwa Muislamu achinje imewatosheleza wote bila maandishi. Lakini desturi ni ya wanaojuana. Zabuni za kielektroniki zimefunguliwa kwa mzabuni wa mkoa wowote, anayeweza kuleta kuku waliogandishwa kutoka asikokujua mtu. Lile lililokuwa linajulikana sasa linahitaji kuandikwa. Mstari mmoja unatosha, kwamba nyama iwe imekaguliwa na ofisa mifugo na iwe imechinjwa kihalali. Hauongezi gharama, na haumzuii Mkristo yeyote kuila.

Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hesabu inayojulikana miaka mingi kabla. Hakuna sababu ya mwanafunzi aliyefunga kukuta ugali wa mchana umepoa ndiyo futari yake, ilhali mpango wa ununuzi wa shule ungeweza kuandikwa tangu mapema kuwa mwezi huo uji, muhogo wa kuchemsha na tende vinunuliwe zaidi, na daku ipikwe. Kiasi cha chakula ni kile kile. Saa ndizo zinazobadilika.

Hayo yote huamuliwa katika vikao ambavyo wazazi wana viti: bodi ya shule ya sekondari, kamati ya shule ya msingi, mkutano wa kijiji, na kwa diwani. Mzazi anaweza kuuliza orodha ya vyakula vinavyoombewa zabuni, na kama mbaazi, kunde, mtama na unga wa muhogo vimo. Anaweza kuuliza kama unyevu wa nafaka unapimwa inapopokelewa, nani anasaini, na kama chumvi ya jikoni ina madini joto. Anaweza kuuliza vikundi vingapi vya wanawake wa kata vimesajiliwa katika NeST na vingapi vimepewa kazi ya chakula. Vikundi vinavyosaga vinaweza kupitia SIDO ili vipate nembo ya TBS kwa nafuu ya gharama wanayopewa wajasiriamali wadogo, na TBS ina ofisi ya kanda Mtwara mjini.

Wakati wa kuuliza ni sasa kuliko baadaye, kwa sababu ya kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Robo yake ya kwanza, Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ambayo mbaazi huvunwa na kuanikwa Masasi na Newala, na ndiyo miezi ambayo mkulima hana fedha kwa sababu korosho hazijaanza. Mbaazi zikiandikwa katika mpango wa ununuzi wa robo hiyo zinanunuliwa zikiwa mpya na kavu. Lakini mpango huo hutokana na bajeti, na bajeti za halmashauri hutayarishwa mwanzoni mwa mwaka, kabla mbaazi hazijatoa hata maua.